Mlango nambari 41 umefunguka

Jana, saa sita kasorobo mchana, nilikula katika mgahawa nambari 41. Naandika nikiwa bado na furaha ya jambo hilo, kwa sababu mlango huo ulinirudisha mara saba katika muda wa miezi minne, na kwa sababu namna ulivyofunguka imenilazimu kuufumua na kuushona upya utaratibu wote wa mradi huu.

Mradi wenyewe haujabadilika. Natafuta, ndani ya jiji ninaloishi, migahawa isiyo na kibao, au yenye kibao kinachotangaza jambo jingine kabisa, au iliyojificha katika chumba cha nyuma cha karakana, juu ya ngazi zinazoonekana kuwa za nyumba ya mtu, ama uani kwa familia inayopika zaidi ya mahitaji yake. Kila mgahawa ninaosikia habari zake naupa nambari, wala siuhesabu kuwa nimeupata mpaka nimeketi humo na kula. Kufikia juzi orodha ilikuwa na nambari 63, nami nilikuwa nimekula katika migahawa 49. Kati ya iliyobaki, nambari 41 ndiyo pekee niliyokuwa na hakika kwamba ingali hai, na bado sikuweza kuingia.

Iko mwisho wa kichochoro, kati ya karakana ya seremala na ukuta mrefu. Pana mlango wa bati uliopakwa rangi ya buluu, benchi moja lisilo na egemeo, na mabeseni matatu yaliyoegemezwa ukutani. Sakafu ya saruji mbele ya benchi imelika kwa visigino vya walaji hata imefanya bonde dogo, na benchi lisilokaliwa haliwezi kuchimba saruji namna ile. Kwa hiyo, kila nilipofika nikakuta kufuli, sikuondoka na shaka kwamba mgahawa umekufa, bali niliondoka na swali la ni lini watu wale wanakula.

Nilichokosea kukisoma ni maji. Katika ziara yangu ya kwanza nilikuta kizingiti kimelowa, na nikaandika kwenye daftari: "Wanaosha, wanajiandaa kufungua." Nikangoja kwa muda wa saa nzima, na hakuna aliyefungua. Nilirudi Jumamosi nne nyingine, saa tofauti za mchana, kisha jioni mbili baada ya kazi, na kila mara niliandika neno moja tu katika safu ya matokeo, yaani "kimefungwa". Neno hilo ndilo lililonipoteza, kwa maana lilizifanya ziara saba zilizotofautiana sana zionekane kuwa kitu kimoja.

Wiki mbili zilizopita, usiku, nilizitoa picha zote saba nilizopiga pale na kuzipanga kwa saa ya siku badala ya kuzipanga kwa tarehe. Simu huhifadhi saa ya kila picha, na kwa muda wote huo sikuwa nimefikiria kuitumia. Picha ya saa sita na dakika kumi inaonyesha mabeseni yamefunikwa kifudifudi yakidondosha maji, na sakafu imelowa kutoka kizingitini hadi miguuni mwa benchi. Katika picha ya saa sita na nusu maji yamerudi nyuma kiasi cha hatua moja. Saa saba pamebaki unyevu wa kizingitini tu, saa nane pana alama nyeusi pembeni, saa tisa pakavu, na jioni zote mbili pana vumbi jepesi juu ya kizingiti. Nilikaa nikizitazama kwa muda mrefu. Maji yale hayakuwa ya kujiandaa hata kidogo. Yalikuwa ya kumaliza, na Jumamosi zote tano nilikuwa nimefika baada ya watu kula, vyombo vikaoshwa na mpishi akaenda zake.

Jana nilichukua ruhusa kazini na kufika saa nne asubuhi. Nilimwomba yule seremala mzee aniruhusu kungoja karakanani kwake, naye, aliposikia ninachokitafuta, aliweka randa chini na kuniambia, "Mwanangu, wewe huja watu wameshakula." Ameniona mara zote saba. Sikuwahi kumwuliza, kwa kuwa nilikuwa nimejiwekea sharti la kupata kila mgahawa kwa macho na miguu yangu bila kuelekezwa, na sasa nimelifuta sharti hilo bila majuto.

Saa tano na nusu mlango ulifunguliwa. Ndani pana meko moja, sufuria moja kubwa na meza mbili, na kabla ya robo saa kupita benchi na meza zilikuwa zimejaa mafundi wa karakana za jirani, bega kwa bega, wengine wakila wamesimama na sahani mkononi. Nilibanwa kati ya watu wawili walionisogezea bakuli la pilipili kabla sijaomba. Chakula kilitoka sufuriani kwenda sahanini bila kupumzika mahali popote, na hilo ndilo linaloutofautisha mgahawa huu na mingi niliyowahi kula: hakuna kitu kilichopikwa mapema kikangojea, hakuna kilichopashwa moto, na mchuzi ulikuwa na ule uzito unaopatikana tu pale mpishi anapojua kwa hakika idadi ya watu atakaowalisha. Ilipokaribia saa saba, mwiko ulianza kugonga kitako cha sufuria. Walaji waliusikia mlio huo kabla yangu, na waliotaka nyongeza wakainuka kwa pamoja. Saa saba na dakika kumi sufuria ilikuwa tupu, na saa saba na nusu mabeseni yalikuwa ukutani yakidondosha maji kama nilivyoyazoea.

Nilimwuliza mpishi kwa nini hapiki zaidi, nami nikieleza kwamba nilikuja mara saba. Alinijibu huku akisugua sufuria: "Nikipika ya pili itanilalia, mwanangu. Hawa wakishakula, hapapiti mtu tena." Jumamosi karakana hufunga mapema, kwa hiyo yeye hupakua kuanzia saa nne, na kufikia saa tano na nusu amemaliza. Hana jokofu wala hana mahali pa kuweka kilichobaki, na hana haja ya kibao, kwa sababu kila anayemtaka anafanya kazi umbali wa kuisikia sufuria yake. Niliona kwamba nilikuwa nimeutafuta mgahawa huu kwa miezi minne kana kwamba ni mahali, ilhali kwa sehemu kubwa ni wakati.

Hapa ndipo penye kosa langu kubwa zaidi, na nataka kulieleza kwa ukamilifu. Tangu mwanzo wa mradi nimekuwa na kanuni ya kufuta nambari yoyote niliyoikuta imefungwa mara tano. Nilidhani ni kanuni ya haki, na mgahawa huu niliuepusha nayo kwa sababu tu ya lile benchi. Jana usiku niliipima kwa hesabu. Mgahawa ulio wazi nusu ya saa za mchana, ukiutembelea bila mpango, una nafasi ya 1 kati ya 32 tu ya kukutwa umefungwa mara tano mfululizo, kwa hiyo kwa migahawa ya namna hiyo kanuni inafaa. Lakini mgahawa ulio wazi kwa muda wa saa moja na nusu tu kati ya saa kumi na mbili za mchana una uwezekano wa 7 kati ya 8 wa kukutwa umefungwa katika kila ziara, na uwezekano huo ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe kwa ziara tano unabaki kuwa asilimia 51. Kwa ziara saba, ni asilimia 39. Maana yake ni kwamba kanuni yangu ilikuwa ikifuta zaidi ya nusu ya migahawa ya aina hii ingali hai, na hiyo ndiyo aina ninayoitafuta kuliko nyingine zote. Hesabu hiyo pia inadhani kwamba ziara zangu ni za saa yoyote, na hazikuwa hivyo, kwa kuwa zote zilifuata ratiba yangu ya kazi. Nambari 12, 19 na 27 zilifutwa kwa kanuni hiyo, na jambo hilo linaniuma.

Kuhusu zana, nimefanya mabadiliko matatu. Safu ya "kimefungwa" imeondolewa, na mahali pake pana safu ya dalili: maji, majivu, kufuli liko upande gani, mabeseni yamekaaje, kuna vumbi au hakuna, na saa kamili ya kuona. Pili, sitoki tena bila daftari la karatasi. Jedwali la kwenye simu linanifaa sana nyumbani, lakini barabarani hunilazimisha kuchagua neno kati ya maneno niliyoyaandaa, na karatasi hukubali lolote ninaloliona. Tatu, nimehamishia kumbukumbu zangu za ramani katika OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2004 na inayohaririwa na watumiaji wenyewe, kwa sababu lebo yake ya saa za kufungua inaruhusu, pamoja na siku na saa, maelezo ya maneno ndani ya alama za kunukuu. Naweza kuandika kwamba mgahawa hufungwa sufuria inapoisha, na bado ni maandishi halali. Ipo pia lebo ya tarehe ya mwisho ya kuhakiki, ambayo naiona kuwa ya thamani kuliko nyota zozote. Nyota za wateja nilikwisha kuacha kuzitegemea, hasa nikikumbuka kwamba mwaka 2017 mgahawa ambao haukuwapo kabisa, uliobuniwa katika banda la bustani jijini London, ulipanda hadi nafasi ya kwanza ya jiji hilo katika Tripadvisor, tovuti ambamo wateja huipa migahawa nyota.

Neno moja zaidi kuhusu nukta za ramani, kwa wanaofanya kazi ya namna hii vichochoroni. Nafasi ya desimali ya tano katika digrii za ramani ni takriban mita 1.1 kwenye ikweta, lakini simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi hata ikiwa chini ya anga wazi, na kati ya kuta ndefu, ambako mawimbi ya setilaiti hudunda, hukosea zaidi. Nukta yangu ya kwanza ya nambari 41 iliangukia upande wa pili wa ukuta. Sasa napima nikiwa mdomoni mwa kichochoro, kisha nahesabu hatua.

Mwezi huu nilipanga kumaliza robo ya kaskazini mashariki ya jiji. Mpango huo nimeuweka kando, maana wakati nikipiga hesabu ile ya jana lilinijia swali lililonikosesha usingizi: ni migahawa mingapi isiyo na kibao iliyopo ambayo sijaiona hata mara moja? Ipo njia ya kukadiria, inayotokana na kazi ya Mdenmarki C. G. Johannes Petersen, aliyeweka alama kwenye samaki katika miaka ya 1890, na ya Mmarekani Frederick Lincoln, aliyeitumia kwa bata mwaka 1930. Unahesabu mara mbili, unatazama ni wangapi walioonekana mara zote mbili, kisha unazidisha hesabu hizo mbili na kugawanya kwa idadi ya walioonekana tena.

Leo alfajiri nilifungua madaftari ya zamani na kuijaribu kwa mtaa mmoja niliowahi kuupita mzima asubuhi moja na jioni moja. Asubuhi niliona migahawa 21, jioni 16, na 7 ilionekana mara zote mbili. Makadirio yanatoka 48, ingawa kwa macho nilikuwa nimeona 30 tu. Nilifurahi kwa dakika chache, kisha nikaliona kosa. Njia hiyo inadhani kwamba kuonekana asubuhi hakubadilishi uwezekano wa kuonekana jioni, ilhali anayelisha watu alfajiri aghalabu hulala mapema. Inayorudiwa inakuwa michache kuliko inavyopaswa, na makadirio yanavimba. Dawa yake, nionavyo, ni kulinganisha saa ileile kwa siku mbili tofauti za kazi, saa nne na saa nne, saa sita na saa sita, na kutoa makadirio ya kila saa peke yake. Itachukua ruhusa nyingi za kazini, au itabidi nitembee kwa vipande kabla ya kuingia kazini.

Kesho naanza na mtaa wenye nambari 19, saa kumi na mbili asubuhi. Nimeitafuta picha yake ya zamani, iliyopigwa saa nane mchana siku niliyoifuta, na kando ya mlango pana rundo dogo la majivu yaliyolowa maji.