Mshale Uliotunyima Majina ya Wajukuu

Ijumaa jioni ndiyo saa ngumu katika saiba yangu. Hapa Kondele, Kisumu, mtu akizikwa Jumamosi, programu ya mazishi huchapwa Ijumaa, tena usiku, wakati picha ya marehemu ndiyo kwanza inatumwa na shemeji aliye Nairobi, na wasifu bado uko kwenye kijikaratasi kilichokunjwa mara nne. Nina kompyuta sita. Siku hiyo zote hukaliwa.

Ijumaa moja mwalimu mstaafu aliketi namba nne. Nilitaka kumchapia, akakataa. "Wacha niandike mwenyewe, kijana wangu. Huyu ni ndugu yangu." Aliandika kwa vidole viwili, polepole, kila koma mahali pake. Mimi nilikuwa napigana na printa iliyomeza karatasi. Saa moja na nusu hivi, stima ikapotea.

UPS niliyo nayo, ile betri ya kushikilia kompyuta stima ikipotea, hubeba mashine mbili tu, na namba nne si mojawapo.

Stima iliporudi, LibreOffice, programu yetu ya kuandikia, ilifungua lile dirisha lake la kuokoa hati. Usipoigusa mipangilio yake, hujiwekea akiba ya kuokolea kila baada ya dakika 10, kwa hiyo tulipata karibu kila kitu. Kilichopotea ni zile dakika za mwisho, na dakika za mwisho zilikuwa orodha ya wajukuu, kumi na saba, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mwalimu akatoa simu na kuanza kupiga nyumbani Ukwala kuuliza majina upya.

Nikamwuliza taratibu, "Mwalimu, kwani hukuwa umehifadhi?"

"Nilitafuta pa kuhifadhi nikakosa. Nimeona tu mshale wa kushuka chini. Huo si wa kudaunilodi? Sikutaka kukumalizia bando."

Nilienda kuangalia. Mashine hiyo niliinunua ikiwa na Debian ya zamani, aina moja ya Linux, na LibreOffice yake ilikuwa imevaa aikoni, vile vipicha vya kubonyeza, za mandhari iitwayo Tango. Katika Tango, kuhifadhi huchorwa kama diski ngumu iliyo na mshale unaoishukia. Aliyechora alimaanisha: teremsha kazi yako ikae humu. Lakini mtu aliyejifunza mishale kwenye simu anajua kwamba mshale wa kushuka una maana moja tu, nayo inakula pesa. Mwalimu hakukosea. Aliusoma mchoro vizuri zaidi kuliko mimi niliyeupita kila siku kwa miaka mitatu.

Usiku huo, baada ya kufunga, nilikaa kwenye kila kiti kama mteja. Programu ni ileile kwenye mashine zote sita, lakini nilikuta nyuso nne. Mbili za Windows zilikuwa na aikoni za Colibre. Mbili nilizoziwekea KDE, sura mojawapo ya Linux, zilikuwa na Breeze. Ile ya GNOME, sura nyingine ya Linux, ilikuwa na Elementary. Na namba nne, Tango yake. Hakuna aliyechagua hata moja kati ya hizo. Sehemu ya mandhari ya aikoni ilikuwa imeandikwa "Otomatiki", na maana yake ni kwamba LibreOffice hutazama iko katika nyumba ya nani kisha huvaa kama wenyeji. Kwenye Windows huvaa Colibre, tangu toleo la 6.1 lililotoka Agosti 2018. Kabla ya hapo ilikuwa Galaxy, ile sura iliyorithiwa kutoka OpenOffice, programu iliyoizaa LibreOffice. Kwenye Mac huvaa Sukapura, tangu toleo la 7.0 la mwaka 2020. KDE hupewa Breeze.

Kwa mtu mwenye kompyuta yake moja hilo ni jambo zuri. Aikoni zinafanana na dirisha lote, macho hayasumbuki. Saiba ni kitu kingine. Mteja wangu leo anakaa namba mbili, kesho namba tano, mradi iko wazi. Yeye hajui KDE ni nini wala hana sababu ya kujua. Anachojua ni kwamba wiki jana kidude kilikuwa hapa na kilikuwa cha zambarau, leo kimekuwa kimstari cha kijivu, na mimi namtoza kwa dakika.

Basi ilibidi nichague sura moja.

Ningefuata moyo wangu, ingekuwa Breeze. Mistari yake ni myembamba, haina makelele, ukiandika saa nne mfululizo haikuchoshi. Lakini mlango wangu unatazama magharibi, na kuanzia saa tisa jua la kutoka upande wa ziwa huingia moja kwa moja mpaka kwenye skrini za namba tatu na nne. Skrini zenyewe ni za zamani, za mtumba. Kwa mwanga ule Breeze inageuka ukungu. Mandhari ya Sifr ndiyo usiseme: hiyo ni rangi moja tu, kijivu kitupu. Jina lake ni lilelile la Kiarabu lililotupa sifuri, na jua likiingia, kweli unaona sifuri.

Kwa wiki mbili niliwauliza wateja kabla ya kuwapa mashine. Nilikuwa nimechapa kwenye karatasi moja, kwa rangi, ule mstari wa juu wa kila mandhari, nikiuliza, "Ukitaka kazi yako isipotee, unabonyeza wapi?" Colibre huchora flopi, ile diski bapa ya zamani ya kuhifadhia faili, na kwa hiyo hakuna aliyesita. Ila nikiuliza kile ni kitu gani, majibu yalikuwa vituko. Kijana wa bodaboda alisema ni memori kadi. Binti anayesomea pakeji, yaani kozi ya kompyuta, alisema ni laini ya simu. Mama mmoja wa samaki, anayekuja kuandika kumbukumbu za chama chao, alisema, "Si ni friji? Unaweka kitu ndani kisiharibike." Nimeambiwa mengi kuhusu muundo wa programu, lakini sijawahi kusikia maelezo bora ya kuhifadhi faili kuliko hayo.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kushika flopi. Ilibeba megabaiti 1.44, yaani leo picha moja ya marehemu kutoka kwenye simu haiingii. Sony waliacha kuziuza mwaka 2011. Bado umbo lake ndilo linalotambulika, kwa sababu kila mwalimu wa pakeji amelionyesha kwa kidole. Wale wanaosema tuliondoe kwa kuwa limepitwa na wakati, waje Ijumaa jioni waketi hapa kaunta.

(Na kabla hujaniandikia kuhusu Ctrl na S, vitufe vya kuhifadhi bila aikoni: naijua. Mfundishe mtu aliyebakiza dakika kumi na tano na matatu inamngoja.)

Nikachagua Colibre kwa zote. Rangi zake zinafuata mwongozo wa Microsoft, kwa hiyo aliyezoea Word ofisini hapotei, na bluu yake inalistahimili jua langu. Ukubwa ulinisumbua zaidi. Ndogo ni pikseli 16, kubwa 24, kubwa zaidi 32. Nilianza na 32 kwa ajili ya wazee, nikajiona mwema. Kesho yake nikagundua kwamba kwenye skrini nyembamba, aikoni za mwisho zinasukumwa nje na kufichwa nyuma ya kile kimshale maradufu cha kulia, ambacho hakuna anayekibonyeza. Nikarudi 24.

Kubadilisha ni kazi ya dakika moja: Zana, Chaguzi, kisha Mwonekano. Ila kwa mashine sita zenye watumiaji wawili wawili nilichoka nikaingia kwenye faili la mipangilio, registrymodifications.xcu, nikatafuta mstari wa SymbolStyle na kuandika colibre kwa mkono wangu. Cha kuchekesha, anwani ya mstari huo bado inaanza na org.openoffice. LibreOffice ilijitenga mwaka 2010, lakini kwenye kitambulisho jina la ukoo limebaki.

Nikiwa humo nilichungulia pia lile faili la zip lenye picha zenyewe. Lina folda za lugha. Wajerumani wana herufi nzito yao iliyoandikwa F badala ya B, maana kwao nzito ni "fett". Folda ya Kiswahili sikuiona. Maneno tulishatafsiriwa zamani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Mtu angechora tu N ya nzito. Nilijaribu kuchora mwenyewe katika Inkscape, programu ya kuchorea, ikatoka kama uzio uliolala, nikaiacha.

Mwalimu alirudi baada ya mwezi, safari hii na barua ya kulalamikia mpaka wa shamba. Aliketi palepale namba nne. Nilimwona akiinamia skrini, akaandika aya moja, akabonyeza flopi. Aya ya pili, flopi. Sasa anabonyeza hata baada ya sentensi.

"Kijana wangu," akaniita, "hiki kinabadilika nikiandika, halafu nikikibonyeza kinarudi. Kimeharibika?"

Nikamwambia hapana, kinamwambia kuna kitu bado hakijaingia ndani.

"Aah," akasema, "kama friji iliyoachwa wazi." Yule mama wa samaki alikuwa namba tano. Sijui nani alimfundisha mwenzake.