Doriani la kwanza lilinishinda

Nimekulia Dodoma, kwenye zabibu na ubuyu. Tunda lenye harufu kali kuliko yote niliyoyajua lilikuwa pera lililoiva kupita kiasi. Kisha nikaolewa Unguja, shamba, upande wa Kizimbani, kwenye nyumba yenye mdoriani, mti wa lile tunda la miiba liitwalo doriani, aliouotesha marehemu baba mkwe kwa mkono wake.

Siku msimu ulipoanza nilikuwa jikoni. Ghafla nikasikia harufu, nikafunga mtungi wa gesi haraka na kufungua madirisha yote. Wifi yangu akaniita kutoka uani: "Si gesi hiyo, wifi! Doriani limeanguka!"

Baadaye nilikuja kujua kwamba pua yangu haikukosea sana. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu, hutiwa kemikali yenye salfa ili ikivuja tuijue, na doriani nalo lina kemikali za jamii hiyo hiyo. Mwaka 2018 watu wapatao 500 walitolewa kwenye chuo kikuu kimoja cha Melbourne, Australia, kwa hofu ya gesi. Kumbe ni doriani bovu lililoachwa kabatini!

Jaribio langu la kwanza lilikwenda vibaya. Mume wangu aliniwekea kipande ndani ya friji, kikakaa siku mbili. Nilipokifungua, maziwa, siagi, hata barafu, vyote vilikuwa vinanuka doriani. Nilitia kidogo mdomoni nikatema, na iliniuma, kwa sababu katika nyumba hii siku ya doriani watu wote hukaa uani pamoja, na marehemu baba mkwe hutajwa kwa mema. Mimi nilikuwa nimejifungia chumbani peke yangu.

Mama mkwe hakunilaumu. "Mwanangu, lile lilishakaa," alisema. "Doriani huliwa siku ile ile, nje penye upepo, na uwe na njaa."

Basi nikangoja. Lilipoanguka jingine, baada ya Alasiri tukatandika mkeka chini ya mwembe. Mama alilifungia gunia, maana miiba yake inatoboa mkono kweli kweli. Hata jina limetokana na neno la Kimalay, duri, yaani mwiba. Akaligeuza kitako juu, akanionyesha mistari iliyofifia inayokutana pale kitakoni. Akachomeka ncha ya kisu kwenye makutano, akakipindua kidogo, ganda likaachia. Mimi nilidhani lazima lipasuliwe kwa panga kama nazi.

Akanipa kokwa moja yenye nyama ya manjano, akaniambia nisiinuse. Niiweke ulimini, niache iyeyuke, nipumulie mdomo kwanza. Nikafanya hivyo. Mwanzo nikasikia kitunguu kilichokaangwa polepole mpaka kikawa kitamu, halafu maziwa mazito, halafu kama lozi, na mwisho uchungu mdogo sana. Nilipoanza kupumua kwa pua, ile harufu ya gesi sikuisikia tena. Ilikuwepo, lakini sasa ilikuwa sehemu ya utamu. Nilikula kokwa moja tu siku ile. Kesho yake mbili.

Tangu hapo haliingii ndani ya nyumba. Tunalimaliza uani, maganda tunayatupa mbali, mikono tunaiosha kwa ndimu na sabuni. Na wala siendi nalo kwenye gari ya abiria. Singapore wamelipiga marufuku ndani ya treni zao, nami nawaelewa, ingawa wanalipenda kuliko sisi.

Wageni wengi hulichanganya na fenesi. Fenesi halina taabu hii, harufu yake ni tamu tangu mwanzo. Kazi yake ni ulimbo, na ukipaka mafuta mikono na kisu kabla ya kukata umemaliza.

Usiku wa kuamkia jana nilisikia kishindo, puu! Mama hakubali mtu asogee chini ya mdoriani kwenye giza, maana tunda la kilo mbili likikuangukia na miiba ile si jambo dogo. Nikalala macho wazi. Kulipopambazuka nilikuwa wa kwanza kufika pale, gunia mkononi, na wifi yangu ananifuata nyuma akiniuliza limeanguka upande gani.