Mpersimoni wangu ulitoka dume, na sikuukata

Mpersimoni wa asili wa huku Marekani hauchimbwi porini ukahamishiwa uwani. Nalitanguliza hili kwa sababu ndio ushauri niliopewa na karibu kila mtu nilipohamia Bloomington, kusini mwa Indiana, nikaanza kuulizia ule mti wenye matunda ya rangi ya chungwa yanayobaki matawini hata majani yote yakishapukutika. "Imejaa porini, chukua sepetu ukachimbe." Wanaosema hivyo ni watu wema na wamezaliwa hapahapa, ila ukiwauliza ni nani kati yao aliyechimba mmoja na ukazaa, wanabadilisha mazungumzo.

Bwana mmoja mwenye shamba njia ya kwenda Bedford alinikaribisha nikachague ninaoutaka kando ya uzio wake. Tukaukuta mmoja uliofika kifuani, umenyooka, majani yanang'aa. Tulichimba kuuzunguka kwa utaratibu, tukitegemea kukuta shada la mizizi tulinyanyue na udongo wake. Hapakuwa na shada. Palikuwa na mzizi mmoja mnene, mweusi tii, umelala kwa ubavu kuelekea kwenye mti mkubwa uliokuwa mita kadhaa pembeni. Kumbe ule haukuwa mche hata kidogo. Lilikuwa chipukizi la mzizi wa mti mkubwa, linakula na kunywa kwa mama yake, halijawahi kujitegemea hata siku moja. Yule bwana akaukata ule mzizi kwa shoka, akanihakikishia kuwa utatoa mingine.

Nikaupanda. Mwezi wa tano ukatoa majani na mama watoto akanipongeza. Lakini yalikuwa madogo mno, na yalitokana na akiba iliyokuwamo ndani ya shina, si na chochote kilichokuwa kikifanyika ardhini. Jua la Julai lilipokaza yakakunjamana moja baada ya jingine. Nikaambiwa niongeze maji. Halafu nikaambiwa mbolea. Mwishoni nikaambiwa udongo wangu ni mbaya. Agosti niliung'oa kwa mkono mmoja, na kwenye ule mzizi uliokatwa hapakuwa na hata uzi mmoja mpya. Udongo haukuwa na kosa. Maporini kote huku machipukizi ya namna hiyo yamejaa, na ndiyo watu wanayoyaita miche.

Hata mche halali uliotoka kwenye mbegu una tabia yake: mzizi mkuu hushuka chini haraka kabla shina halijasogea. Ukiuchelewesha kwenye chungu kifupi, mzizi unajisokota. Ukiuchimba mkubwa, unauacha mzizi nyuma. Kwa hiyo nikaamua kupanda mbegu palepale mti utakapoishi. Wapo wanaonunua miche midogo ya mwaka mmoja, na kitalu cha serikali ya jimbo kule Vallonia huuza miche ya miti ya asili kwa bei nafuu sana, ila huuzwa kwa mafungu, na mimi uwa wangu ni wa miti michache.

Mbegu ni za bure. Bibi jirani yangu ana mti mzee, gome lake limepasuka vipande vya mraba kama ngozi ya mamba, akanipa matunda kwenye bakuli. Nilisafisha mbegu mpaka nyama yote ikaisha, nikazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko, zikakaa friji, si friza, miezi mitatu ya baridi. Bila baridi hiyo hazioti vizuri. Kabla ya kuchimba popote piga 811. Huduma ni bure, wanakuja kukuwekea alama mahali bomba la gesi na nyaya zinapopita, na kwa mti wenye mzizi wa namna hii usifanye mchezo.

Udongo wangu ni mfinyanzi mwekundu, na chini yake ni mawe ya chokaa. Ni ukanda uleule wa mawe yaliyochimbwa kusini mwa Indiana yakaenda kulivika jengo la Empire State kule New York. Sikuweka samadi shimoni, sikuleta udongo wa dukani. Mpersimoni huota kwenye mashamba yaliyochoka na kando ya reli. Unachohitaji ni jua na kuachiwa nafasi. Niliweka mbegu tatu kila mahali, nikafunika na wavu wa waya uliozamishwa ardhini, maana kindi wa huku wanafukua kila kinachofukiwa. Baadaye nikabakiza mche wenye nguvu kuliko wenzake.

Mwaka wa kwanza kimo kilikuwa kama shubiri moja na wageni walinipa pole. Hakuna pole hapo, kazi ilikuwa chini. Mwaka wa pili mche ulisogea kidogo, kuanzia wa tatu ukapaa. Na msiung'oe mwezi wa nne mkidhani umekufa! Mpersimoni huchelewa sana kutoa majani, miti yote ya mtaa imeshavaa kijani wenyewe bado ni ufito mtupu. Kwaruza gome kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani, uache. Rangi nyeusi ya mizizi nayo ndiyo afya yake, haujaoza.

Gharama kubwa kuliko zote ilikuwa uzio wa waya dhidi ya kulungu. Majani wanakula kidogo tu, tatizo ni madume wao msimu wa vuli, wanapokuja kusugua pembe kwenye mashina membamba na kuyachuna gome. Kuzungushia kila mti waya wa mita moja na nusu ilinigharimu dola arobaini na kitu.

Halafu, kama mwaka wa sita hivi, ule mti mzuri kuliko wote ukatoa maua. Mipersimoni mingi hutengana jinsia. Ua la jike hukaa peke yake kwenye kikonyo kifupi, limetuna kama kengele, na chini yake kuna kikombe cha majani manne mapana. Maua ya dume ni membamba na hukaa mawili au matatu kwa pamoja. Nililala chali chini ya mti kwa muda nikiyatazama tawi kwa tawi. Yote yalikuwa matatumatatu.

Nilipompigia mama Morogoro na kumwamkia, nikamweleza. Hakusita: "Mwanangu, mpapai dume si tunakata? Huo unauweka wa nini?" Bibi jirani naye akasema nikate, nipande mwingine. Mama namheshimu, na kwa mpapai yuko sahihi, kwa sababu mpapai mwingine unaupata ndani ya mwaka. Lakini hapa kilichokuwa dume ni matawi. Mzizi nilioungoja miaka yote ile ulikuwa mzima, umeshatoboa mfinyanzi na kufika kwenye mawe. Kukata mti kwa ajili ya matawi yake ni kutupa kitu cha thamani ili kuondoa kilicho rahisi kubadilishwa.

Nikaubebesha, yaani nikaunganisha kwenye shina lake vijiti vya mti jike, ambavyo huitwa vikonyo. Februari nilipata vikonyo vya aina ya Prok, iliyotokea jimbo la New York, yenye tunda kubwa na inayowahi kuiva. Dola tano tano, na posta juu. Wengine huku hupenda aina zilizotokana na Early Golden ya Illinois, ambayo imekuwepo tangu karne ya 19, na zile zilizochambuliwa na James Claypool, naye wa Illinois. Vikonyo hukatwa mti ukiwa umelala usingizi wa baridi, unene wa penseli, vikafungwa gazeti lenye unyevu na kuwekwa friji mpaka katikati ya Mei. Usibebeshe mapema. Subiri majani ya mti wako yafunguke na gome liwe linabanduka lenyewe kwa ncha ya kisu.

Nilikata shina usawa wa kifua, likiwa na unene wa kifundo cha mkono. Tawi moja la chini nililiacha ili mzizi usife njaa. Nikapasua gome wima, urefu wa kidole, nikalifungua kama ukosi wa shati. Ndani pameloa na panateleza. Kikonyo nilikichonga upande mmoja kwa mkato mrefu wa mara moja, bila kurudia kisu, upande wa pili nikapunguza ncha tu, nikakisukumia ndani uso wa mkato ukitazama mti. Nikaweka viwili, kila kimoja upande wake. Nikakaza kwa utepe, kisha nikafunika kila kitu, pamoja na macho ya kikonyo, kwa utepe wa nta unaonyumbulika. Jicho lina nguvu ya kuutoboa. Juu yake karatasi ya aluminiamu kuzuia jua, na juu ya karatasi mfuko wa plastiki uliotobolewa pembe ili vikonyo vipite.

Sasa ndipo penye ujanja nisioambiwa na mtu. Nilikuwa nakunywa chai dirishani nikaona ndege mmoja mnene, wa kifua cha rangi ya tofali, akizunguka uani akitafuta pa kutua. Shina lililokatwa lenye vijiti viwili juu ni sehemu tamu kuliko zote kwa ndege, na uzito wake ukitua kwenye kikonyo ambacho bado hakijashikana, unakisogeza kiasi kidogo tu kisichoonekana kwa macho, na kazi imeisha. Nikatoka mbio na ufito mrefu wa mti uliopogolewa, nikaukunja upinde, nikafunga ncha zote mbili kwenye shina ili upinde upite juu ya vikonyo kwa kama kiganja kimoja. Kabla sijamaliza chai ndege alikuwa ametua juu ya upinde, anajinyoosha mbawa. Msimu mzima walitua hapo, kinyesi kikadondokea kwenye mfuko, vikonyo havikuguswa.

Wiki tatu hivi kimya, kisha jicho moja likatoboa nta. Kuanzia hapo kazi ni ya mikono: machipukizi ya dume yanayotoka chini ya maungio unayapangusa kila wiki, la sivyo yanakula chakula chote. Vikonyo vilirefuka zaidi ya mita kabla ya baridi, na nilivifunga kwenye kigingi kilichopigwa kando ya shina, kwani upepo wa Julai huvunja maungio mapya. Lile tawi la dume nililiondoa mwaka uliofuata. Madume ya porini huku yako tele na nyuki wanaleta chavua wenyewe, kwa hiyo habari ya kwamba lazima upande jozi uani ni ya kukumalizia nafasi. Mwenye kutaka dume lake mwenyewe ajue kwamba mipersimoni ya asili ina makundi mawili, la kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 60 lililoenea zaidi kusini-mashariki, na la 90 la kaskazini na magharibi ya kati, na makundi hayo kwa kawaida hayazalishani mbegu nzuri.

Miaka mitatu baada ya kubebesha tukala. Na hapa naomba nisikilizwe kuhusu sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri. Wazee wa huku wanasisitiza tunda halifai mpaka lipigwe na sakitu. Prok yangu huiva Septemba, wakati watu bado wako na kaptula. Kinacholiivisha ni muda, si baridi. Tunda likiwa gumu lina tanini inayokausha ulimi na kukamatanisha mashavu, mate hayasaidii, maji hayasaidii. Likiwa tayari ni laini kabisa, ngozi imeanza kukunjamana, na ile kofia ya majani manne inatoka bila kuvutwa. Kofia iking'ang'ania, liache. Mabichi yasiliwe kwa wingi, kwani tanini huweza kuganda tumboni ikafanya donge linalompeleka mtu hospitali.

Hayachumwi, yanaokotwa, na yakidondoka kwenye nyasi yanapasuka. Nilichukua chandarua cha zamani, nikakifunga pembe nne kwenye vigingi chini ya matawi, kikiwa kimelegea katikati. Matunda yanadondokea humo mazima, nyigu wanabaki chini. Lazima uamke alfajiri, la sivyo wanyama wa usiku, rakuni na oposamu, wameshapita.

Nyama yake nakamua kwenye chujio la mkono, mbegu na ngozi vinabaki, nagandisha kwa vibakuli. Mji wa Mitchell, kusini kwetu, una tamasha la persimoni kila Septemba tangu 1947, na pudingi yao nimeila, ni tamu sana. Nyumbani mama watoto huiweka nyama hiyo kwenye unga wa maandazi na kupunguza sukari. Angalizo moja: tunda moja bichi likiingia, ukipika ukali wake unasambaa kwenye sufuria nzima.

Mengine ni madogo. Mwisho wa kiangazi utakuta vijiti chini vimekatwa mviringo safi. Ni mbawakawa, na mayai yake yamo ndani ya hivyo vijiti, viokote uchome. Usipande karibu na maegesho ya gari. Machipukizi ya mizizini yapitishie mashine ya nyasi.

Mti wangu wa pili ulitoka jike wenyewe. Tunda lake ni dogo na lina mbegu nyingi, nami nimeuacha kama ulivyo, maana mbegu hizo ndizo ninazowagawia Watanzania na Wakongo wa hapa wanaotaka kuanza. Vikonyo vya Prok nitakata Februari. Anayevitaka aje na gazeti lenye unyevu na mfuko, na awe tayari ana mti wake mwenye mzizi.