Mzee wa Makongeni na yule aliyerudisha uraia

Mwaka 2015 nilikuwa nasoma falsafa chuo, kichwa kimejaa Albert Camus, yule mwandishi Mfaransa, yani kila kitu nakiona upuuzi kwa ile maana yake, binadamu anauliza na dunia haimjibu. Likizo nikashuka Kwale, jioni moja nikakaa na mzee mmoja Mmakonde pale Makongeni, anachonga mpingo huku tunapiga stori, nikaanza kumpa habari za Garry Davis.

Stori ya Davis naipenda mpaka leo. Alikuwa Mmarekani, rubani wa ndege za mabomu vita vya pili, na kakake akafa kwenye vita hivo hivo. Mei 1948 akaingia ubalozi wao Paris akaukana uraia, akasema sasa yeye ni raia wa dunia. Kibali cha kukaa Ufaransa kikawa kinaisha na paspoti hana, akaenda kulala kwenye ngazi za Palais de Chaillot, manake UN walikuwa wanafanyia mkutano pale na eneo limetangazwa la kimataifa, kwa hivo ametoka Ufaransa na bado yuko katikati ya Paris! Polisi wakamtoa, lakini Novemba akarudi akakatiza kikao akidai serikali moja ya dunia, na Camus mwenyewe akasimama upande wake hadharani.

Mzee akaweka patasi chini. "Mjukuu wangu, huyo karatasi alikuwa nayo?"

Nikamwambia alikuwa nayo, ndio akairudisha.

"Basi huyo ana bahati. Mimi sina hata ya kurudisha."

Babake alitoka Msumbiji kuja kufanya kazi za mashamba enzi za mkoloni, yeye kazaliwa hapo hapo Kwale, na kila akienda kuomba kipande, yani kitambulisho, anaambiwa alete cha babake, na babake hakuwahi kupewa. Laini ya simu imesajiliwa kwa jina la jirani, hata hela za M-Pesa zinapitia kwa jirani kwanza. Hapo ndio nikaona kitu ambacho darasani hakikunifikia: kwa Camus dunia iko kimya na haina nia yoyote, lakini kwa mzee kulikuwa na mtu nyuma ya dawati, anasikia vizuri kabisa, na anajibu jibu lile lile miaka nenda miaka rudi. Hiyo ni dhulma, na dhulma ina mwenyewe.

Oktoba 2016 Wamakonde wakatoka Kwale kwa miguu kuelekea Ikulu Nairobi, wajukuu wake wakiwemo, serikali ikawatambua kama kabila la 43 na vipande vikaanza kutoka. Mzee alipopata chake akasajili laini kwa jina lake, akanipigia, akataka nimmalizie habari za yule Mmarekani. Nikamwambia tangu 1954 alikuwa anawatolea paspoti za dunia watu wasio na nchi, mpaka akafa 2013.

"Sasa hiyo," akasema, "ningeichukua."