Nilivyopanga siku ya gofu ya mjomba Bethpage

Mjomba wangu alikuwa kedi Limuru enzi za ujana wake, na gofu aliijua kwa kubeba mabegi ya wengine. Alipopata safari ya kuja New York mwezi wa Oktoba, aliniomba kitu kimoja tu: "Nipeleke pale Tiger Woods alipochukua shindano la U.S. Open mwaka wa 2002."

Pale ni Bethpage, Long Island, hifadhi ya jimbo yenye viwanja vitano vya mashimo 18 vilivyopewa majina ya rangi: Mweusi, Mwekundu, Bluu, Kijani na Njano. Ni mali ya umma. Huhitaji kuwa mwanachama wala kudhaminiwa na mtu, unalipa, unacheza. Kwa mtu aliyekulia kwenye lango la klabu akisubiri kuitwa, hilo si jambo dogo, na ndiyo sababu nilitaka siku hiyo iende sawa.

Nilianza na kuchagua uwanja. Alioutaka yeye ni Mweusi, ambao ukianzia nyuma kabisa una zaidi ya yadi 7,400, na vigari vya kupanda haviruhusiwi. Karibu na shimo la kwanza kuna bango linaloonya kwamba uwanja ni mgumu kupindukia na unawafaa wachezaji hodari tu. Mjomba bado anapiga mpira vizuri, ila goti lake halipendi vilima. Nikampigia simu.

"Mjomba, Mweusi tutautembelea. Tutacheza Kijani."

"Nipande ndege usiku kucha nije kutembelea?"

Nikamweleza kwamba Kijani ndio mkongwe. Devereux Emmet aliuchora miaka ya 1920, wakati eneo hilo lilikuwa bado klabu ya watu binafsi. Jimbo lilipolichukua miaka ya 1930, A. W. Tillinghast aliurekebisha, na viwanja vipya vikajengwa na watu waliokuwa wamepoteza kazi katika ule mdororo mkubwa wa uchumi. Akanyamaza kidogo. "Waliojenga walikuwa vibarua?" Ndiyo, mjomba. "Basi tucheze huo."

Kilichobaki kilikuwa saa, na hapa ndipo wengi hukwama. Mwishoni mwa Oktoba jua huzama huko karibu saa kumi na mbili jioni, na mashimo 18 kwenye uwanja wa umma wenye watu wengi yanaweza kula saa tano au zaidi. Alfajiri nayo ina balaa lake: jalidi ikilala kwenye nyasi hawaruhusu mtu kukanyaga mpaka iyeyuke, na kila kundi linasogezwa mbele. Kwa hiyo nililenga saa nne asubuhi, siku ya kazi. Wakazi wa jimbo hufunguliwa nafasi mapema kuliko wageni na hulipa kidogo, nami nilikuwa nimejisajili kwa leseni yangu ya udereva. Nikauliza pia kama nyasi fupi zinazozunguka mashimo zimetobolewa karibuni, maana vuli ndiyo msimu wa kuzipa hewa, na mpira ukipita juu ya vitundu hivyo hurukaruka.

Halafu majani. Miti ya Bethpage imesimama pande zote mbili za njia, mialoni kwa wingi, na wakati huo inapukutika. Mpira mweupe hupotea hata ukiwa umeangukia mahali pazuri, na wa manjano ni vilevile. Nilinunua ya waridi. Tukakubaliana tufuate kanuni ya tangu 2019: dakika tatu za kutafuta, kisha tunaendelea.

Tulifika mapema tukasimama kwanza penye lile bango la Mweusi. Mjomba alitazama bonde lote la shimo la kwanza, akapima upepo kwa kurusha nyasi kidogo, akaniambia fimbo ambayo angempa bosi wake. Kwenye Kijani tulikodi kigari cha kusukuma, mimi nikakisukuma. Shimo la mwisho tulilimaliza jua bado lipo, na tukiwa njiani kwenda kwenye gari alikuwa ameanza kuniuliza nafasi za Mwekundu hufunguliwa lini.