Mahindi, maharage na mipaka ya magenge: nilivyoifundisha modeli bila kompyuta

Nafundisha hisabati kidato cha tano na cha sita hapa Tanga. Siku zote nimetaka wanafunzi wangu waione hisabati ikieleza mambo ya watu, isiishie kwenye matangi ya maji na treni mbili zinazopishana. Ndipo nikawapa swali hili: magenge hasimu hugawanaje mji, wakati hakuna aliyekaa kuwapimia?

Kazi inayojulikana sana ni ya Hollenbeck, mashariki mwa Los Angeles. Mwaka 2012 mwanaanthropolojia Jeffrey Brantingham na wenzake walichukua milinganyo ya Lotka na Volterra, ambayo wanabiolojia huitumia kwa viumbe wanaogombea chakula. Ikawaonyesha kuwa magenge mawili yenye nguvu sawa hupakana katikati ya maskani zao, na kwamba mpakani ndipo damu humwagika zaidi. Walipopima matukio 563 ya ukatili ya 1999 hadi 2002, yaliyohusu magenge 13, kama asilimia 58 yalikuwa ndani ya mita 320 hivi kutoka mpaka uliokokotolewa. Hili darasa lililipata upesi. Mpaka huo ni mstari unaokata katikati kwa pembe mraba, nao wanaujua tangu kidato cha chini.

Ugumu ulikuwa kwenye modeli, yaani mfano wa kihisabati, ya Alethea Barbaro, Lincoln Chayes na Maria D'Orsogna, ya 2013. Humo hakuna maskani. Watu wa magenge mawili wanazurura kwenye miraba, kila mmoja anaacha rangi ya genge lake ukutani, rangi inafifia kidogo kidogo, na kila mtu huelekea kukwepa mraba wenye rangi nyingi ya adui. Hakuna sheria nyingine. Mpaka unatoka wapi?

Kompyuta za kutosha darasa zima hatuna, kwa hiyo tulichora miraba kwenye karatasi za manila. Hapo mtaa wetu wa Ngamiani ulinibeba: barabara zake zimenyooka na zinaitwa kwa namba, hivyo hakuna aliyehitaji kuelezwa mji wa miraba ni upi. Mahindi yakawa genge moja, maharage genge la pili, yakamwagwa kiholela. Dadu iliamua upande wa kwenda: 1 hadi 4 kwa pande nne, 5 na 6 unarusha tena. Kila punje iliacha alama ya penseli ya rangi ilipoingia, na kila raundi ilipoisha tulifuta alama moja ya zamani katika kila mraba.

Kwanza tulicheza bila kukwepana. Punje zikabaki mchanganyiko. Kisha nikaweka sharti: ukielekezwa kwenye mraba ambao alama za adui zimezidi zako, rusha shilingi, uingie ikianguka kichwa tu. Zikaonekana dalili. Tulipokaza, vichwa viwili mfululizo ndipo uingie, mahindi yakaanza kujikusanya upande mmoja na maharage upande mwingine. Sauti ikatoka nyuma: “Mwalimu, mahindi wameshika barabara ya kumi na mbili yote!”

Baadaye niliandika programu fupi kwa Python, lugha ya kompyuta, kwenye laptop yangu, tukaitazama ukutani kwa projekta. Nilipandisha nguvu ya kukwepana taratibu. Kwa muda hakuna kilichobadilika, kisha ilipovuka kiwango fulani rangi mbili zikatengana. Wanafizikia wanaujua mruko wa namna hii kwenye chuma kinachopoa hadi kushika usumaku, na ndiko waandishi wa modeli walikochota hesabu zao. Kwangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote humo.

Mwanafunzi mmoja aliuliza, “Kwa hiyo kuta zikifutwa haraka, mpaka unayeyuka?” Tukaongeza kasi ya kufifia, na rangi zikachanganyika tena. Nikamwambia modeli inasema ndiyo, lakini inajua rangi tu. Haijui kisasi, ndugu, wala biashara. Akataka kujua kisasi kingeandikwaje kwenye mlinganyo. Tunalijaribu muhula huu, na wenzake wameshaleta choroko za genge la tatu.