Butiloda yangu, wiki ya sita: mkia wa kerneli uliokwama kwenye kache

Usiku huu Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo ya bodi moja, imewaka mara ishirini mfululizo kwa butiloda yangu (programu inayopakia mfumo na kuuanzisha), na kila mara Linux imefika hadi kuomba jina la mtumiaji. Wiki nzima ilikuwa ikiwaka mara moja, kisha inanyamaza mara tatu.

Chanzo ni kasi niliyoitafuta. Kerneli (moyo wa mfumo wa Linux) ya ARM ya biti 64 ikibanwa kwa gzip haijifungui yenyewe. Kazi hiyo ni ya butiloda. Bila kache (kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya prosesa) nilisubiri mno ifunguke, nikawasha MMU (kitengo kinachosimamia anwani za kumbukumbu) na kache ya data. Kabla ya kuikabidhi kerneli nikavizima vyote viwili, kama inavyotakiwa, nikaweka anwani ya DTB (data inayoieleza kerneli vifaa vya bodi) kwenye rejista x0 na sufuri kwenye x1 hadi x3. Ila kuzima kache hakushushi chochote kwenye RAM. Prosesa inaacha kuitazama tu. Yaliyoandikwa yanabaki humo.

Niliandika programu ndogo ya kusoma kerneli baada ya kache kuzimwa na kuituma kwa siriali (waya wa kutuma data hadi kompyuta nyingine), nikalinganisha na faili halisi. Mwanzo ulikuwa sawa kabisa. Makosa karibu yote yalikuwa mwishoni, na kila kipande kibovu kilianzia kwenye anwani inayogawanyika kwa 64. Nilifurahi sana kuona hivyo! Mstari wa kache (kipande inachohamisha kwa mara moja) wa Cortex-A53, prosesa ya bodi hii, ni baiti 64, L2 yake (kache ya ngazi ya pili) ni KB 512, na kerneli ni megabaiti kadhaa. Mwanzo wake ulisukumwa nje na yaliyofuata. Mkia haukuwa na wa kuusukuma.

Sasa napita kerneli na DTB mstari kwa mstari kwa DC CIVAC, amri inayoandika mstari kwenye RAM na kuuondoa kwenye kache, halafu DSB SY, IC IALLU, DSB na ISB (IC IALLU hufuta kache ya maagizo, na DSB na ISB huhakikisha yaliyotangulia yamekamilika). Kusafisha kwa seti na njia (kwa nafasi ndani ya kache, si kwa anwani) nimekuacha: kumekusudiwa kuzima na kuwasha umeme wa kiini cha prosesa, na hakugusi kache za viini vingine.

Bado ilianguka. Fanksheni ya kuzima kache niliiandika kwa C, na anwani ya kurudi ilihifadhiwa kwenye staki (sehemu ya RAM ya data ya muda) kache ikiwa hai. Kache ilipozimwa, prosesa ikasoma staki ya zamani kutoka RAM na kurukia kusikojulikana. Nimeiandika upya kwa lugha ya asembli, bila kugusa staki hata kidogo, kuanzia kuzima hadi BR ya mwisho, amri ya kurukia kerneli.